Kanisa linalosali kwa Kiswahili linakihitaji Kilatini

Mwishoni mwa Novemba 2025 Vatikano ilitangaza Kanuni mpya za Jumla za Kuria ya Roma, yaani ofisi kuu zinazomsaidia Papa, na kabla jua halijazama habari ilikuwa imeshafika kwenye makundi ya WhatsApp ya parokia zetu, ikiwa imekatwakatwa hadi ikabaki sentensi moja: Vatikano imeachana na Kilatini. Wapo walioshangilia kwamba hatimaye Kanisa limeacha kung'ang'ania lugha iliyokufa. Wapo waliosikitika kana kwamba wamefiwa. Wengi waliiunganisha habari hiyo na ile ya Julai 2021, Papa Fransisko alipotoa hati yake ya Traditionis Custodes, wakaona ni mnyororo mmoja: kwanza Misa ya Kilatini ilipigwa marufuku, sasa hata ofisi zimekitupa. Naamini habari zote mbili tumezisoma vibaya, na kosa hilo linatugharimu sisi wa Afrika Mashariki kuliko linavyowagharimu wengine. Kilatini hakijafukuzwa kanisani. Na thamani yake kwetu haikai pale inapotafutwa sana, yaani katika utamu wa nyimbo za zamani au katika ile hali ya fumbo inayowavutia vijana mitandaoni. Inakaa katika kazi ya kimyakimya ya kuwa kipimo cha maneno tunayosali. Kanisa linalosali kwa Kiswahili huishi kwa tafsiri, na anayeishi kwa tafsiri hawezi kuitupa nakala ya asili.

Tuanze na kilichoandikwa. Kanuni za mwaka 1999 zilitaka ofisi za Kuria ziandike hati zake kwa kawaida kwa Kilatini, zikaruhusu pia lugha nyingine zinazotumika sana siku hizi. Kanuni mpya, katika kifungu cha 50, zinasema ofisi hizo zitaandika hati zake kwa kawaida kwa Kilatini au kwa lugha nyingine. Tofauti ipo, wala siifichi: Kilatini kimeondolewa kwenye kiti cha mbele kikaketishwa pamoja na wenzake. Lakini kifungu hichohicho kinaweka ofisi ya lugha ya Kilatini ndani ya Sekretarieti ya Vatikano ili kuihudumia Kuria. Tena hizi ni kanuni za kazi za ofisini, hazigusi altare. Na kwa wanaofuatilia mambo ya Roma, Kiitaliano ndicho kilichokuwa lugha ya mezani tangu zamani. Sinodi ya Maaskofu ya Oktoba 2014 yenyewe, kwa uamuzi wa Papa Fransisko, ilitumia Kiitaliano badala ya Kilatini. Kanuni za 2025 zimeandika kwa wino kile kilichokuwa kikitendeka.

Ile ya 2021 ndiyo iliyoeleweka vibaya zaidi. Traditionis Custodes iliweka masharti makali juu ya kutumia Misale, kitabu cha sala za Misa, ya mwaka 1962, yaani utaratibu wa Misa uliokuwapo kabla ya mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia. Haikukataza lugha. Misale ya Papa Paulo VI, ambayo ndiyo tunayoitumia kila Dominika, toleo lake mama ni la Kilatini. Hii ya Kiswahili iliyo altareni petu ni tafsiri yake. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 928, inasema Ekaristi iadhimishwe kwa Kilatini au kwa lugha nyingine ambayo matini zake zimeidhinishwa. Padre wa parokia yako akitaka kesho asubuhi kuadhimisha kwa Kilatini Misa ileile tuliyoizoea, hahitaji kibali kutoka Roma. Papa Leo XIV mwenyewe alilisema jambo hili waziwazi katika mahojiano yaliyochapishwa Septemba 2025: Misa ya Kilatini kwa utaratibu wa Mtaguso haina tatizo lolote. Mgogoro unaoendelea Marekani na Ufaransa ni juu ya utaratibu gani wa Misa utumike, na nyuma yake kuna ugomvi juu ya Mtaguso wenyewe. Ni ugomvi mzito, lakini si wetu kwa sehemu kubwa, na tukiukopa tunajikuta tunamchukia mtu kwa kosa la jirani yake.

Mtaguso nao hausomwi. Hati ya Liturujia, Sacrosanctum Concilium, ilipitishwa tarehe 4 Desemba 1963 kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Ibara yake ya 36 inasema matumizi ya Kilatini yahifadhiwe, kisha ikafungua mlango kwa lugha za watu. Ibara ya 54 inataka waamini waweze kusema au kuimba pamoja, kwa Kilatini pia, sehemu za Misa zinazowahusu. Kilichotokea baadaye ni kwamba mlango uliofunguliwa kidogo ulisukumwa ukawa wazi kabisa, na kwa idhini ya Roma yenyewe. Papa Paulo VI, akizungumza na waamini Novemba 1969 siku chache kabla Misale mpya haijaanza kutumika, hakujifanya kwamba hakuna kinachopotea. Alikiita kitendo cha kuachia Kilatini sadaka kubwa, akaeleza kwa nini aliona inafaa kutolewa: watu waelewe wanachosali. Namheshimu kwa ukweli huo. Lakini ni Paulo VI huyohuyo ambaye mwaka 1974 aliwatumia maaskofu wa dunia nzima kitabu kidogo cha nyimbo za Kigregori, Jubilate Deo, ili kila Mkatoliki ajue angalau chache. Kitabu hicho kwetu hakikupata nafasi.

Hapa ndipo huibuka hoja ninayoisikia kila mara, kwamba Kilatini ni lugha ya wakoloni na kuiacha ni sehemu ya kujikomboa. Ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, ingawa husemwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Hakuna aliyetutawala kwa Kilatini. Mjerumani alituandikia kodi kwa Kijerumani na Kiswahili, Mwingereza kwa Kiingereza, Mbelgiji kwa Kifaransa. Hizo lugha za watawala hatukuziacha: tunazilipia ada kubwa ili watoto wetu wazizungumze. Kweli, wamisionari waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walikuja na Kilatini kwenye vitabu vyao vya sala. Lakini kilikuwa lugha ya pili kwao pia, walijifunza darasani kama padre wa kwanza Mwafrika alivyojifunza darasani. Katika seminari Mfaransa na Mhaya walikosea viambishi vilevile mbele ya mwalimu mmoja.

Na kuna la zaidi. Maandishi ya Kilatini ya Kikristo ya mwanzo kabisa tunayoyafahamu ni ya Afrika. Tarehe 17 Julai mwaka 180, huko Karthago, Tunisia ya leo, Wakristo 12 kutoka kijiji cha Scillium waliletwa mbele ya gavana Saturninus. Aliwauliza wana nini kwenye kasha lao. Mmoja wao, Speratus, akajibu kuwa ni vitabu na barua za Paulo, mtu mwenye haki. Wakakatwa vichwa siku hiyo. Kumbukumbu ya kesi yao iliandikwa kwa Kilatini, na jibu la Speratus huenda linatuambia kwamba barua za Paulo, alizoziandika kwa Kigiriki, zilikuwa zimeshatafsiriwa ili watu wa kijijini wazielewe. Roma yenyewe wakati huo ilikuwa bado inasali kwa Kigiriki. Ilichukua hadi karne ya 4 Kilatini kukomaa huko kama lugha ya Misa. Ni Mwafrika, Tertuliano wa Karthago, aliyeingiza neno trinitas, Utatu, katika maandishi ya Kikristo, na aliyechukua neno sacramentum, kiapo cha askari, akalitumia kwa ubatizo. Kila tunaposema "sakramenti" tunatamka neno lililopewa maana hiyo katika bara hili. Baada yake alikuja Sipriano, kisha Augustino wa Hippo, katika Algeria ya leo, ambaye Papa Leo XIV ni mwana wa shirika lake.

Msomaji makini ataniuliza hapohapo: Kanisa hilo la Karthago na Hippo liko wapi leo? Swali hili ni zito, na ndilo linalonisumbua mimi kuliko lile la wakoloni. Kanisa la Kilatini la Afrika Kaskazini lilififia likatoweka baada ya majeshi ya Waarabu kuingia, wakati Kanisa la Misri lililosali kwa Kikopti na lile la Ethiopia lililosali kwa Ge'ez yapo hadi leo. Wanahistoria kadhaa wamesema sababu mojawapo ni kwamba Kilatini kilikuwa lugha ya miji na wenye mashamba makubwa, hakikushuka vya kutosha kwa watu wa Kipunisia na Waberberi wa vijijini. Augustino mwenyewe alilijua tatizo: alipohitaji askofu kwa mji wa Fussala alitafuta mtu anayejua Kipunisia. Naikubali hoja hii kwa uzito wake wote. Ndiyo maana sisemi turudi kusali kwa Kilatini mahali pa Kiswahili. Kanisa lisilosema lugha ya watu linajenga juu ya mchanga. Ila tuutazame vizuri mfano wa Ethiopia. Ge'ez haizungumzwi nyumbani kwa mtu yeyote kwa karne nyingi sasa. Mama wa Gondar anasema na mtoto wake Kiamhari. Hata hivyo Kanisa lake halikuitupa. Kiamhari kinahubiri, Ge'ez inashika kumbukumbu. Waislamu wa pwani yetu wanafanya jambo linalokaribiana na hilo: mawaidha kwa Kiswahili, sala kwa Kiarabu, na mtoto wa chuoni huijua Fatiha kwa moyo kabla hajajua kuandika jina lake.

Mtume Paulo naye ana neno, na hatuwezi kulikwepa. Katika 1 Wakorintho 14 anasema kanisani ni afadhali maneno matano kwa akili, apate kuwafundisha wengine, kuliko maneno elfu kumi kwa lugha isiyoeleweka. Wazee wetu waliokuwa watu wazima kabla ya Mtaguso wanasimulia jinsi walivyosali rozari muda wote wa Misa kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kujishughulisha hadi kengele ya mageuzo igongwe. Imani yao haikuwa ndogo, lakini Misa ilikuwa inawapita. Kiswahili kiliwarudishia Misa yao. Atakayedai kwamba Kilatini ni kitakatifu kwa asili, au kwamba Mungu anakisikia vizuri zaidi, naye ana hoja dhaifu, pengine hatari. Kristo hakuhubiri kwa Kilatini. Injili ziliandikwa kwa Kigiriki. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, uliotimiza miaka 1,700 juzi tu, ulijadiliana kwa Kigiriki, na neno lake kuu juu ya Kristo, homoousios, yaani mwenye asili moja na Baba, lilitafsiriwa kwa Kilatini kuwa consubstantialis. Kwa hiyo Kilatini nacho ni tafsiri. Utakatifu wake, kama neno hilo linafaa, umetokana na kutumika: kimesali muda mrefu kiasi kwamba maneno yake yamepimwa, yakapigwa na mabishano, yakanyooshwa, yakajulikana yanabeba nini na hayabebi nini.

Na hapa nafika kwenye jambo lenyewe. Tazama padre anapoandaa altare. Mtumishi analeta vichupa viwili. Padre anamimina divai katika kalisi, halafu anadondosha tone la maji, na midomo yake inacheza bila sauti. Sala anayoisema ni fupi mno, wengi hatujawahi kuisikia. Kwa Kilatini inaomba kwamba kwa fumbo la maji na divai hii, eius efficiamur divinitatis consortes, qui humanitatis nostrae fieri dignatus est particeps. Kwa haraka ungeweza kuitafsiri: tushirikishwe umungu wake yeye aliyekubali kushiriki ubinadamu wetu. Kiswahili kinaifanya kazi hii kwa uzuri wa kuonea fahari. Umungu na ubinadamu vimesimama pande mbili kama mizani, na mzizi mmoja, shiriki, unafunga daraja katikati. Lakini Kilatini kina maneno mawili pale ambapo sisi tumeweka mzizi mmoja. Particeps ni anayechukua sehemu. Consors limetokana na sors, kura au fungu la urithi. Ni mtu aliyepata fungu pamoja nawe, mrithi mwenzako. Yeye alikuja akachukua sehemu katika hali yetu. Sisi tunaingizwa kwenye urithi. Neno hilohilo lipo katika Waraka wa Pili wa Petro 1:4 kwa Kilatini, divinae consortes naturae. Sisemi "shiriki" ni kosa. Nasema mtafsiri anayeliona consortes atakaa nalo, atapima kama "urithi" uingie au usiingie, ataamua akijua anachoacha. Asiyeliona hataamua chochote. Ataamuliwa na Kiingereza au Kiitaliano alichokifungua mezani.

Hii si hofu ya kubuni. Wasemaji wa Kiingereza waliishi nayo miaka karibu 40. Padre anaposema Dominus vobiscum, Bwana awe nanyi, jibu la Kilatini, et cum spiritu tuo, linataja roho ya padre. Tafsiri ya Kiingereza ya miaka ya 1970 iliifuta roho, ikabaki "nawe pia". Mwaka 2011 maaskofu wao waliirudisha, pamoja na marekebisho mengi mengine, kukawa na malalamiko na mkanganyiko, watu wazima wakijifunza upya kujibu Misa waliyoijua tangu utotoni. Sisi wa Kiswahili hatukuwa na kazi hiyo. Tulikuwa tumeshajibu kwa kutaja "rohoni mwako" muda wote, kwa kuwa waliotutafsiria walikuwa wanasoma Kilatini na hawakuhitaji kupita mlango wa mtu mwingine. Vivyo hivyo katika Kanuni ya Imani. Kwa consubstantialem Patri, Kiingereza kilihangaika, Kifaransa kikabadilisha maneno yake mwaka 2021, sisi tulikuwa tumeshasema "mwenye umungu mmoja na Baba". Umungu! Kiambishi u- kimefanya kazi ambayo maaskofu wa Nisea waliigombania kwa jasho. Watu waliolichagua neno lile walijua Kilatini na walijua Kiswahili, vyote viwili kwa undani, na tunakula matunda yao kila Dominika.

Hata hilo neno Dominika. Jirani yangu Mlutheri anasema Jumapili; mimi nasema Dominika, siku ya Bwana, dies Dominica. Misa, hostia, altare, kalisi, sakristia, parokia: tumevitamka hadi vimekuwa vyetu, vimepata irabu zetu mwishoni na vinaingia kwenye ngeli zetu bila kugonga hodi. Kiswahili hakijawahi kuogopa lugha iliyokuja na ibada. Sala, malaika, imani na toharani vilitoka kwenye Kiarabu, na hakuna padre anayejisikia mgeni anapovitamka.

Kuna mara moja nilikiona Kilatini kikifanya kazi nyingine, na sijasahau. Tulikuwa tunamzika padre mzee jimboni kwetu. Maneno yote yalikuwa ya Kiswahili, kwaya ikaimba kwa Kiswahili, ndugu wakalia kwa lugha ya nyumbani. Jeneza lilipofika chini na kamba zikavutwa, mapadre wakasogea kuzunguka kaburi. Hapakuwa na aliyewaelekeza. Mmoja akaanza Salve Regina, wimbo wa Bikira Maria, kwa sauti ya kikohozi, wengine wakadaka: vijana waliopewa upadre mwaka ule, mmisionari wa Kipolandi, wawili kutoka ng'ambo ya mpaka. Hawakuwa na karatasi. Huyo Mpolandi Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini kwa dakika zile hakubahatisha. Ukisoma takwimu za Vatikano kwamba mwaka 2023 Wakatoliki wa Afrika walikuwa milioni 281, karibu mmoja kati ya kila watano duniani, unajiuliza ni lugha gani watakutana nayo watu wote hao wakisimama pamoja. Kiingereza kitawaacha wa Kinshasa, Kifaransa kitawaacha wa Songea.

Hata ndani ya Kiswahili chenyewe hatuko pamoja. Mkatoliki wa Lubumbashi, wa Nairobi na wa Mwanza husali kwa Kiswahili, lakini maneno ya sala na viitikio vyao hutofautiana hapa na pale. Sioni ubaya, lugha ni pana. Ila siku maaskofu wetu wakitaka kukaa pamoja na kupatanisha matini hizi, hakuna Kiswahili kimoja kitakachokuwa mwamuzi wa kingine bila kuzua kiburi cha nchi. Mwamuzi atakuwa maandishi ambayo si ya yeyote kati yao. Na wajibu huo umeongezeka. Kwa hati ya Magnum Principium ya mwaka 2017 Papa Fransisko aliyakabidhi mabaraza ya maaskofu jukumu kubwa zaidi la kutafsiri kwa uaminifu vitabu vya liturujia, Roma ikabaki na kazi ya kuthibitisha. Tumepewa uhuru tulioutaka. Uhuru huo unadai watu.

Watu hao watatoka wapi? Kanuni ya 249 ya sheria ya Kanisa inataka waseminari wakijue Kilatini vizuri, haisemi wakionje. Mapadre vijana niliozungumza nao wanakiri kwamba walipita kwenye vipindi vya Kilatini kama mtu anavyopita kwenye mvua, wakakimbilia somo lililofuata. Siwalaumu, walifundishwa kama adhabu, kwa kukariri majedwali ya minyambuliko bila kuonyeshwa sala hata moja kwa ukaribu. Kila seminari kuu ikitoa wawili au watatu kwa mwaka waliofundishwa hadi wakawa wanasoma Augustino bila kamusi, na hao wakafundishwa pia ushairi wa Kiswahili, maana Kilatini pekee kinazaa tafsiri ngumu kama gogo, baada ya miaka kumi tutakuwa na meza iliyojaa watafsiri. Parokiani mahitaji ni madogo zaidi: Sanctus (Mtakatifu) na Agnus Dei (Mwanakondoo wa Mungu) za Jubilate Deo, mara chache kwa mwaka, zikielezwa kabla ya kuimbwa. Wakongo walitufundisha mwaka 1958 kwa Missa Luba kwamba matini ya Kilatini inaweza kuimbwa kwa mdundo wa Kiafrika na isipoteze heshima yake. Kwaya zetu zinazojifunza nyimbo mpya tano kwa mwezi zitaimudu Sanctus kwa Jumamosi moja ya mazoezi. Lakini nikilazimika kuchagua, nitaiacha kwaya, nitachagua ile meza, na yule kijana anayeketi kwenye ncha yake akiwa na Misale mbili zimefunguliwa mbele yake, kidole kimoja juu ya consortes.